Nyumba Niliyoiziba kama Bani

Kosa langu la kwanza nililifanya mchana kweupe, watu wakitazama na kunipigia makofi. Nilikuwa nimemaliza kujenga nyumba yangu katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sikonge, na nilitaka kila mtu aone kwamba haina ufa. Nikaweka majani mabichi juu ya makaa katikati ya sebule, nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikaenda kusimama na wenzangu uani. Hivyo ndivyo tunavyolipima bani, kijumba cha kukaushia tumbaku, kabla ya kutundika majani ndani yake: moshi ukitokeza mahali, unapaziba kwa udongo. Tukangoja. Hapakutoka hata uzi wa moshi. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na tangu siku ile vijana wakaniita Bwana Bani.

Naandika haya sasa kwa kuwa yaliyo mabaya zaidi yamepita, na kwa sababu najua zipo nyumba nyingine ambazo watu wake huamka na vichwa vizito wakati wa kupanga tumbaku, kisha huanza kutazamana kwa jicho baya. Mimi si mganga wala si msomi. Shule sikuimaliza, kusoma nilijifunza mwenyewe kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari dukani. Kwa hiyo sitaeleza mambo ya damu na mapafu. Nitaeleza yaliyotupata.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama umefungika, halafu narudi tena. Jani la tumbaku likiwa na doa dogo naliweka kando na kulitazama mpaka mke wangu anacheka. Tulipohamia kijijini tulikusanywa watu wa kila upande: wengine wametoka kando ya njia ya zamani ya misafara, wengine Nzega, wengine sikujua hata wametoka wapi. Jirani wa kushoto sikuwahi kumwona maishani, wa kulia vilevile. Nililala siku za kwanza nikiwaza ni nani kati yao anaweza kupenyeza mkono, au kitu kibaya zaidi ya mkono, kati ya ukuta na paa. Ndiyo maana nilipojenga sikuacha nafasi juu ya ukuta kama wanavyoacha wengine. Nilijaza udongo mpaka ukagusa bati. Dirisha nililifanya dogo, nikalibandika vipande vya gunia pembeni. Chini ya mlango niliweka mfuko mrefu ulioshonwa na kujazwa mchanga, wa kuzuia vumbi na nyoka. Kila usiku niliusogeza kwa mguu mpaka ulale sawasawa.

Tulikuwa wanne. Mimi, mke wangu Nyamizi, binti yetu Mwashi aliyekuwa ndio kwanza anaanza kutembea, na Shangazi Kalunde, dada wa baba yangu. Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Hakujaliwa mtoto wake mwenyewe. Tulipohama nilimwambia atalala nasi katika nyumba mpya, akakataa.

"Mimi na bati wapi na wapi?" alisema. "Mvua ikinyesha nitadhani napigwa mawe. Nijengee kijumba changu cha nyasi, nilale na kuku wangu."

Nikamjengea msonge nyuma ya nyumba, kwa haraka na bila moyo, fito na udongo, upepo ukipita utakavyo. Niliona aibu kwamba kitu kibovu vile kiko kwenye uwanja wangu.

Kilimo chetu ni tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la moto uwakao ndani ya bani. Ikishakauka banini, huletwa nyumbani kupangwa madaraja, jani kwa jani, na kazi hiyo huangukia kipupwe, wakati hewa ni kavu na asubuhi zina baridi ya kuuma vidole. Jani kavu likiguswa linavunjika kama ganda la karanga. Wengine huliwekea nyasi mbichi ili lilainike. Mimi niligundua njia yangu: jiko la bati lenye mkaa, juu yake sufuria pana ya maji, sebuleni, milango imefungwa. Mvuke unalainisha jani usiku kucha, na asubuhi linakunjika kama kitambaa. Kuni sikuzitaka kwa sababu moshi huharibu harufu ya tumbaku. Mkaa hauna moshi. Kwa hiyo niliuamini.

Ugonjwa ulianza na kipupwe hicho cha kwanza. Niliamka kichwa kimebanwa kama kimefungwa kamba ya robota la tumbaku. Magoti yalilegea nilipoinama kuchukua ndoo. Nyamizi alitapika, tukadhani ni mimba, haikuwa. Mwashi, aliyezoea kutuamsha kwa kelele, alilala mpaka jua likawa juu, na nilipomwinua kichwa chake kilianguka begani mwangu kama cha mtoto mchanga. Tukishatoka nje, mpaka kufika adhuhuri tulikuwa na nafuu. Asubuhi iliyofuata, yale yale.

Nilikwenda hospitali Tabora kwa lori la chama cha ushirika. Hapo ndipo nilipojua kungoja. Benchi la wagonjwa wa nje lilikuwa limeng'arishwa na makalio ya watu, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilinifanya nitake kutapika upya. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa reli, Mzaramo, mguu umefungwa bendeji. Aliponisikia naongea akajua kabila langu, na utani ukaanza papo hapo.

"Unaumwa nini, mtani?"

"Kichwa."

"Kichwa! Mnyamwezi anaumwa kichwa!" Akawageukia wengine. "Jamani, babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, huyu kichwa kitupu kinamlemea."

Benchi zima likacheka. Hata mimi nilicheka, na ikawa mara ya kwanza kucheka tangu nianze kuumwa. Kisha akanimegea nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Nakumbuka nilivyoushika kwanza nikiutazama pande zote, kwa sababu tayari nilikuwa nimeanza kuwaza habari ya sumu. Aliniona. "Kula," akasema, "ningetaka kukuua ningekuimbia kwa sauti yangu hii."

Mganga msaidizi alikuwa kijana mwenye haraka. Alinitazama macho, akanibonyeza tumbo, akauliza, "Mnapikia ndani?"

"Hapana," nikajibu kwa majivuno. "Jikoni kwetu ni nje kabisa." Na ilikuwa kweli. Shangazi alipikia kwenye mafiga nyuma ya msonge wake. Jiko la tumbaku halikunijia hata akilini. Ile haikuwa kupika, ilikuwa kazi.

Akanitibu malaria. Nililala kwa binamu yangu mjini mpaka nikamaliza dawa, na kichwa kikafunguka kabisa. Nikarudi nyumbani nikiimba. Asubuhi ya kwanza kitandani kwangu, kamba ikarudi.

Basi nikaanza kufikiri, na ndipo nilipoharibikiwa. Nikiwa mjini ni mzima. Nikirudi kwangu ni mgonjwa. Kwa hiyo kilichoniumiza kilikuwa nyumbani, na nyumbani, kwa akili yangu, kulimaanisha mtu. Nani? Nyamizi anaumwa kama mimi. Mtoto anaumwa. Aliyekuwa anaamka kabla ya jua, akafagia uwanja wote, akatwanga, akapika, akawaimbia kuku, alikuwa mmoja tu. Nikawa namtazama mgongo wake akipika. Nikawa nayatazama macho yake, mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na mnajua huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee husemwa nini. Mimi niliyelelewa na macho hayo sikuwahi kuona kwamba ni mekundu mpaka mwaka ule.

Kwetu anayeleta pombe huionja kwanza mbele ya mgeni. Tunasema anatoa sumu. Ni heshima ya pombe. Mimi niliihamishia kwenye ugali. Siku moja Shangazi alipoweka chakula, nikasema, "Onja kwanza, Shangazi."

Alidhani natania. "Umekuwa mgeni, Maganga?"

"Onja tu."

Akamega, akachovya kwenye mlenda, akala, akinitazama usoni. Tangu siku hiyo kila mlo alionja bila kuambiwa, kisha anasogeza sahani kwangu na kuondoka kwenda kula kwake. Nyamizi alinijia juu.

"Huyo ndiye aliyenikanda mgongo nilipojifungua mwanao. Huoni haya?"

"Naona haya. Lakini yeye haumwi."

Akageuka akamtazama Mwashi. Nikajua neno langu limeingia. Baada ya hapo nilimwona naye akimchukua Mwashi kutoka mapajani mwa Shangazi, polepole, kwa visingizio.

Nilikwenda kwa mfumu, mganga wetu wa jadi. Kwetu mfumu hupasua kuku na kusoma yaliyomo ndani yake, na mtu anayesema haamini kuku, mara nyingi ni kwa sababu hajaumwa. Aliniambia kuna mtu wa karibu. Akanipa dawa ya kuoga na ya kufukia kizingitini. Nikafukia, nikaoga, na kweli tukapona! Kilichotokea ni kwamba wiki ile ile tumbaku ilikuwa imekwisha kupangwa na kufungwa, lori likaichukua, na jiko nikalirudisha bandani. Lakini nani angefikiri hivyo? Nilimsifu mfumu kijiji kizima. Na mara tu tulipopona, Shangazi akaenda Puge kwa ndugu zake, akakaa huko joto lote na mvua zote.

Miezi hiyo tulikuwa na afya kama ng'ombe wa masika. Mwashi alikimbia, akajua maneno. Mimi na Nyamizi tulichekeana tena. Shangazi alirudi wakati wa kuchuma tumbaku, na mfuko wa karanga na kuku mpya kwapani. Alituamkia kwa kikwetu toka njiani, "Mwangaluka, wenyewe!" Mwashi akamkimbilia. Mimi nilisimama mlangoni nikawaza: tuone sasa.

Kipupwe kikaingia, nikapanga tumbaku, nikawasha jiko, tukaanza kuumwa.

Safari hii haikuwa siri. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kapela, alikuja kunijulia hali akakaa kwenye kinu kilichoinamishwa. Ni mtu mwema, na ndiyo sababu maneno yake yalinitisha.

"Maganga, wewe unajua kusoma. Hesabu mwenyewe. Akiwa Puge mnaumwa?"

"Hapana."

"Amerudi, mnaumwa?"

"Ndiyo."

"Nani haumwi?"

Nikainamisha kichwa. Akashusha sauti. "Wapo watu hapa wameshaanza kusema. Sitaki yatokee kijijini kwangu yaliyotokea kwingine. Jumapili tukae baraza. Tukikubaliana aondoke, aondoke kwa amani, mchana, na mtu wa kumsindikiza."

Nilijua maana yake. Mwanamke mzee aliyefukuzwa kwa jina la uchawi hapokelewi popote. Hata Puge habari ingefika kabla yake. Na njia ya msituni haina mashahidi.

Nilimweleza Nyamizi. Alikuwa amejilaza kivulini, kitambaa cha maji kichwani. Akakigeuza kile kitambaa, akasema, "Usimfukuze kwa maneno ya watu. Mpime. Mwambie alale mle ndani, sisi tulale kwake. Kama dawa iko kwake, tutaumwa kule. Kama iko mle na ni yake, yeye haitamdhuru. Mchawi hajiui."

Nikaona ni akili kubwa. Nilimwambia Shangazi kwamba nataka mtu wa kulinda tumbaku kwa sababu kichwa kinaniuma na mtoto analia. Nilitegemea akatae, na kukataa kwake kuwe ushahidi. Alinitazama kwa yale macho mekundu.

"Na ile mvua ya mawe?" akauliza.

"Ni kipupwe, Shangazi. Hakuna mvua."

"Haya. Nitalala."

Nikamwonyesha jinsi ya kuweka komeo, na jinsi ya kusogeza ule mfuko wa mchanga. Jiko nilimwachia limewaka vizuri, sufuria imejaa.

Sisi tulilala kwenye msonge, na kuku wake, na upepo ukitupuliza masikioni. Niliamka kwa jogoo. Kichwa changu kilikuwa chepesi. Nyamizi alikaa, akajishika paji la uso, akashangaa. Mwashi alikuwa ameshatoka nje anafukuza vifaranga. Niwaambie ukweli wa moyo wangu wa saa ile: nilifurahi. Nikawaza, basi dawa haiko huku, iko nyumbani mwangu, na aliyeitega amelala juu yake salama.

Lakini uwanja ulikuwa haujafagiwa.

Balozi Kapela, niliyekuwa nimemweleza jaribio letu, alifika mapema kusikia matokeo. Akakuta tumesimama tunautazama mlango. "Leo mwenyewe kalala fofofo," akasema, akacheka kidogo. Nikabisha. Nikaita. Jua likapanda juu ya bati. Nikapiga mlango kwa ngumi, na mlango wangu ulikuwa imara kwa sababu niliutengeneza mimi. Ilibidi tuuvunje kwa shoka.

Alikuwa amelala kifudifudi, kizingitini. Alikuwa ameburura ule mfuko wa mchanga nusu, na uso wake ulikuwa pale pale mlango ulipoachana na sakafu, mdomo wazi kwenye uwazi usiopita kidole. Ametapika. Jiko lilikuwa majivu, sufuria kavu. Nilimbeba. Alikuwa mwepesi mno, mtu aliyenibeba mimi. Tulipomlaza nje akavuta pumzi moja ya kukoroma, halafu nyingine.

Watu wakajaa. Na hapo nilisikia kitu ambacho mpaka leo kikinijia naacha kazi ninayoifanya. Mama mmoja nyuma alisema, "Dawa yake imemrudia." Wengine wakaitikia. Nilikuwa nimemtega ili nijue ukweli, na sasa hata kufa kwake kungekuwa ushahidi dhidi yake.

Nilirudi ndani kuchukua shuka la kumfunika, nikababaika kulitafuta kati ya mafungu ya tumbaku, na kabla sijatoka ile kamba ikaanza kunibana kichwani. Mimi, niliyeamka mzima kwenye msonge. Aliyedaiwa kuniroga alikuwa chini mavumbini, hajui lolote. Nikatoka na shuka, nikamfunika.

Lori la ushirika lilitupeleka Tabora. Benchi lile lile. Safari hii sikuwa mgonjwa, nilikuwa mtu wa mgonjwa, na ni benchi tofauti kabisa ingawa ni lile lile. Mganga msaidizi yule yule akauliza, "Mnapikia ndani?"

Nikafungua mdomo kusema hapana. Nikasema, "Hapana. Lakini kuna jiko la tumbaku."

Akaweka kalamu chini. "Jiko gani?"

Nikamweleza yote: mkaa, sufuria, dirisha, gunia, udongo mpaka kwenye bati, na mahali tulipomkuta. Kadiri nilivyoeleza ufundi wangu ndivyo uso wake ulivyobadilika. Alipozungumza aliongea polepole. Mkaa, alisema, unatoa hewa isiyoonekana wala kunuka, na mahali palipozibwa hewa hiyo humlevya mtu mpaka akalala asiamke. "Kilichomwokoa huyu mama ni huo uwazi chini ya mlango."

Shangazi alikaa wodini mpaka baridi ikaanza kulegea. Siku za mwanzo aliniita kwa jina la baba yangu. Mkono wake wa kulia ulitetemeka akishika kikombe, muuguzi akawa anamnywesha uji kwa kijiko bila haraka, akimwita bibi harusi. Nilikaa chini kando ya kitanda. Siku aliponitambua, nilimwambia kila kitu: mfumu, balozi, kwa nini nilimlaza mle.

"Nilijua," akasema.

"Ukakubali?"

"Nilichoka kutazamwa mgongo." Akanigeukia. "Umenianika banini kama jani, Maganga. Nimepata daraja la ngapi?"

Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia nitoke nje.

Ila kupona kwake hakukutosha. Nilirudi kijijini kuandaa njia, na Balozi Kapela akanipokea kwa uso mgumu. "Hayo ya hewa isiyoonekana wewe umeambiwa hospitali. Watu hapa wameona dawa ikimrudia mwenyewe. Akirudi, sitaweza kumlinda."

Nilikuwa na hoja zote za mganga msaidizi kichwani, lakini niliwajua watu wangu kwa sababu ni mmoja wao. Nikasema, "Balozi, mnamwamini kuku?"

"Kuku tunamwamini."

"Basi tumuulize kuku. Sipasui. Nitamlaza tu ndani ya nyumba, na jiko kama nilivyokuwa nalifanya. Hakuna mtu ndani, hakuna Shangazi, yuko Tabora."

"Kuku wa nani?" mtu akauliza haraka. "Wa yule bibi hatumtaki."

"Awe wangu," Balozi akasema. "Lakini akifa, Bwana Bani, utanipa jogoo."

Mlango nilikuwa nimeuunga. Nikawasha mkaa, nikaweka sufuria, nikamfunga kuku mguu kwenye mguu wa kitanda, nikafunga kila kitu, nikausogeza mfuko wa mchanga kwa mara ya mwisho maishani mwangu. Tukakaa nje tangu ng'ombe walipotoka mpaka waliporudi kutoka majini. Watu walikuwa na mashaka na mimi: walikagua mikono yangu, walinusa mkaa wangu, mmoja aliketi kabisa akiegemea mlango ili nisipenyeze kitu. Sikukasirika. Mashaka hayo ni mimi niliyeyapanda.

Tulipofungua, kuku alikuwa amelala ubavu, shingo imelegea. Balozi alimtoa mwenyewe, akamweka upepo unapopita. Baada ya muda akafumbua jicho, akajaribu kusimama, akaanguka kama mlevi. Hakuna aliyecheka.

Nikachukua shoka lile lile. Nikabomoa udongo wote kati ya ukuta na bati, kuzunguka nyumba nzima. Nikang'oa gunia dirishani, nikalipanua dirisha mpaka mtu akaweza kupitisha mabega. Tukalala. Kesho yake jiko lile lile, mkaa ule ule, kuku mwingine wa Balozi. Tulipofungua alitoka mwenyewe, kamba imekatika, akipiga kelele, na alikuwa ameshaharibu fungu zima la tumbaku ya daraja la kwanza.

"Huyu naye ni mchawi," Balozi akasema, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza. Halafu mzee mmoja akasema polepole, kama anayejisemea, "Kwani bani likiwaka, ndani analala nani?" Kila mkulima pale alijua jibu. Hakuna anayelala ndani ya bani. Tulilijua wote, na tulipita kila siku mbele ya nyumba niliyoiziba kama bani, tukiisifu.

Baraza halikukaa. Balozi alitembea nyumba hadi nyumba, na kila alipokuta jiko ndani au udongo umejazwa mpaka juu, aliwaonyesha yule kuku wake wa kwanza, aliyekuwa bado anatembea upande. Mama yule wa "imemrudia" alipeleka unga wodini Tabora. Sijui alisema nini, Shangazi hakunieleza.

Kwenu mnaosoma: msiridhike na matundu. Kuku wa pili alitoka mzima, hata hivyo mimi jiko sikulirudisha. Mkibanwa kichwa asubuhi na kupata nafuu mkitoka nje, tokeni kwanza, halafu tafuteni moto ulipo, kabla ya kumtafuta mtu.

Tangu hapo yamebadilika haya. Jiko halivuki kizingiti changu, na tumbaku nailainisha kwa nyasi mbichi kama wengine. Vumbi linaingia juu ya ukuta, nami nalifagia. Shangazi anasahau majina, na mkono wake bado unatetemeka. Macho yake ni mekundu kama zamani. Anapika, anapakua, na sisi tunakula naye sahani moja, bila mtu kuonja kwanza.